Uandikishaji unapanda, ufaulu unapanda, pengo liko palepale. Tupime wapi?

Dira_Mbele

Wadau wa elimu, naomba hili tulichambue kwa namba na hatua, kauli za majukwaani tuziache.

Tumezoea kusema elimu ni ngazi ya mtoto wa maskini. Lakini mifumo mingi iliyopanua shule imeishia na mambo mawili yanayokaa pamoja bila kugombana: watoto walio darasani ni wengi kuliko zamani, na nafasi zenye maslahi mwisho wa safari bado zinakwenda kwa watoto wa walewale. Ripoti zinalisifia la kwanza, la pili linapita kimya.

Shule, wilaya au wizara ikitaka kujua kama inapunguza pengo au inalizalisha, ianzie kupima wapi, na kwa hesabu gani? Pili, kugawa kwa usawa na kugawa kwa haki vinatofautiana vipi pale fungu la fedha lenyewe linapogawanywa, achilia mbali makaratasi ya semina? Tatu, kupanga wanafunzi kwenye mikondo kwa uwezo kunawainua walio nyuma au kunawazika? Watu makini wanapinga, na watu makini wanaunga mkono.

Hoja ya "wazazi hawajali" naomba tusiirudie, ina uzi wake.

Mkokotozi

Mkuu, anza kwa kuuweka wastani pembeni. Wastani wa ufaulu unaweza kupanda kwa sababu mbaya: walio dhaifu wakidondoka kabla ya mtihani, wanaobaki wanaonekana hodari. Shule inayowashawishi wanafunzi wa nyuma wasijisajili kwa mtihani wa mwisho inapanda kwenye orodha bila kumfundisha mtu yeyote kitu kipya. Kwa hiyo gawanya kwa idadi ya walioanza, usigawanye kwa idadi ya waliofika chumba cha mtihani.

Fuata kundi lililoanza pamoja, mlango baada ya mlango. Ligawe kwa hali ya kaya wanazotoka, kisha kwenye kila mlango uliza: kati ya waliofika hapa, wangapi wamepita? Tuchukue mfano wa kubuni, watoto 200 wa kaya zenye uwezo (W) na 200 wa kaya duni (D):

Kuanza shule: W 200, D 200
Kumaliza msingi: W 190, D 150
Kuingia sekondari: W 171, D 105
Kumaliza sekondari: W 152, D 84
Kuomba chuo: W 133, D 42
Kupokelewa chuo: W 100, D 28

Ukitazama mstari wa mwisho peke yake utasema chuo kinabagua, maana 100 kwa 28 si mchezo. Sasa chukua kiwango cha kupita cha D ukigawanye kwa cha W katika kila mlango. Kumaliza msingi ni 75% kwa 95%, uwiano 0.79. Kuingia sekondari 70% kwa 90%, uwiano 0.78. Kumaliza sekondari 80% kwa 89%, uwiano 0.90. Kuomba chuo 50% kwa 87.5%, uwiano 0.57. Kupokelewa 67% kwa 75%, uwiano 0.89. Zidisha zote tano unarudi kwenye 0.28, yaani 28 kwa 100. Ikiwa hairudi, kuna mahali umekosea kuhesabu.

Mlango unaovuja kuliko yote hapa ni wa kuomba, ambao kwa kawaida hauna msimamizi. Hao 42 wa D ambao hawakuomba wamemaliza sekondari. Kinachowakwamisha huwa vitu vidogo vidogo: ada ya fomu, tarehe ya mwisho iliyotangazwa mahali wasipofika, nyaraka za mzazi ambaye hana nyaraka, na kukosa mtu nyumbani aliyewahi kupita njia hiyo wa kumuuliza. Ukimwaga juhudi zote kwenye masharti ya udahili umeziba tundu la 0.89 na kuliacha la 0.57 wazi. Halafu angalia milango miwili ya mwanzo: ukiizidisha pamoja (105 kwa 171) unapata 0.61. Hakuna hata mmoja kati yake unaotisha ukiwa peke yake, lakini kwa pamoja inakaribia kuvuja sawa na ule wa kuomba.

Yanayoharibu hesabu hii nayo yana mpangilio wake.

Kundi dogo. Ukiwa na watoto 20, mtoto mmoja ni asilimia 5. Watatu wakihama unaona janga ambalo halipo. Chini ya 30, unganisha miaka miwili au mitatu. Na kisanduku chenye watoto wasiofika 10 usikitangaze hadharani, majirani watajua ni akina nani.

Kuuliza kipato. Watu hawasemi, na wengi hawakijui kwa sababu hakiji kwa mwezi. Uliza vitu: sakafu, paa, umeme, chanzo cha maji, watu wangapi kwa chumba, mama alisoma hadi wapi, kuna vitabu visivyo vya shule. Majibu sita au saba ya ndiyo na hapana ukiyajumlisha yanapanga kaya vizuri kuliko swali moja la fedha. Ila usitumie kitu ambacho kila kaya inacho au hakuna iliyo nacho, hakitenganishi mtu.

Waliohama. Aliyehamia shule nyingine anaandikwa mdondoko, na aliyedondoka anaandikwa "amehama" ili shule isiulizwe. Bila namba moja ya mwanafunzi inayomfuata kila aendako hutawatenganisha, na makosa haya hayaangukii makundi yote sawasawa, kwa kuwa kaya duni ndizo zinazohama bila barua.

Kwa jinsia kuna kipimo kinachotumiwa na UNESCO: uwiano wa wasichana kwa wavulana ukiwa kati ya 0.97 na 1.03, usawa unahesabiwa kufikiwa. Kizuri, lakini kikitumika peke yake kinaficha. Uwiano wa 1.00 wa jumla unaweza kuwa mchanganyiko wa wasichana wa kaya zenye uwezo wanaowazidi wavulana na wasichana wa kaya duni walioachwa mbali. Pima jinsia ndani ya kila kundi la kaya.

Tofali_la_Pembeni

Hesabu nimeielewa. Ila kabla hatujaibebesha shule gunia zima, tumkumbuke mwanasosholojia James Coleman. Ripoti yake ya mwaka 1966 nchini Marekani, iliyotokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ilipima wanafunzi zaidi ya 600,000 na kukuta kwamba tofauti za alama zinaelezwa na nyumbani kuliko zinavyoelezwa na tofauti za matumizi ya shule. Mtoto anaingia na pengo siku ya kwanza, kabla mwalimu hajafungua mdomo. Ukiipima shule kwa pengo la mwisho unaihukumu kwa kitu ambacho haikukitengeneza yote.

Mkokotozi

Tofali, kweli nusu. Ndiyo maana unapima mara mbili. Watoto wakiingia darasa la kwanza, kaa na kila mmoja dakika tano: herufi anazozijua, kuhesabu vitu, kuelewa maelezo mafupi kwa lugha ya nyumbani. Hilo ndilo pengo la kuingilia. Pima tena baada ya miaka mitatu. Pengo likiwa limepungua, shule inapunguza hata kama bado lipo. Likiwa limeongezeka, shule inachangia, na kisingizio cha nyumbani kinakwisha.

Kuhusu 1966, kuna mtego wa kihesabu. Kitu kinaeleza tofauti pale tu kinapotofautiana. Kama shule zote zina vitabu na paa, vitabu na paa haviwezi kueleza kwa nini mtoto mmoja anamzidi mwingine, na hiyo haina maana kwamba ukiviondoa hakuna atakayeumia. Mwaka 1983 ulitoka ulinganisho wa nchi 29 za kipato cha juu na cha chini, ukaonyesha kwamba katika nchi zenye kipato kidogo ubora wa shule na wa mwalimu ulibeba uzito mkubwa zaidi kuliko katika nchi tajiri. Pale ambapo shule moja ina mwalimu kwa kila somo na nyingine ina walimu watatu kwa madarasa saba, shule ina nguvu sana, kwa wema na kwa ubaya.

ChakiNyeupe

Nichukue la mikondo, maana hapa watu wanabishana juu ya vitu viwili tofauti wakiviita jina moja.

Kitu cha kwanza ni kuwatenganisha watoto mapema kwenye shule au programu tofauti, ambako njia ya mmoja inakwenda chuo kikuu na ya mwingine haifiki huko. Ujerumani, katika majimbo mengi, uamuzi huu hufanyika baada ya darasa la nne, mtoto akiwa na miaka 10 hivi. Ufini ilikuwa ikiwagawa wakiwa na miaka 11. Sheria ya 1968 ilileta shule moja ya miaka tisa kwa wote, ikatekelezwa kati ya 1972 na 1977 kuanzia kaskazini kwenda kusini, na mgawanyo ukasogezwa hadi miaka 16. Kwa kuwa maeneo yaliingia kwa zamu, watafiti waliweza kulinganisha walioingia na wasioingia bado, na wakakuta uhusiano kati ya kipato cha baba na kipato cha mwana umepungua kwa takriban asilimia 23. Sababu haihitaji nadharia kubwa: katika umri wa miaka 10 alama za mtoto bado zinaisema nyumba yake kuliko zinavyomsema yeye. Zinasema hata mwezi aliozaliwa. Aliyezaliwa mara tu baada ya tarehe ya kukata usajili anamzidi mwenzake wa darasa hilohilo kwa karibu mwaka mzima wa kukua.

Kitu cha pili ni kuwapanga kwa kiwango cha stadi, kwa muda, ndani ya shule ileile. Huko magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005, shule 121 zenye darasa la kwanza moja lililofurika zilipewa mwalimu wa ziada ili darasa ligawanywe mara mbili. Karibu nusu ya shule ziligawa kwa alama za awali, nyingine kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 18, shule zilizogawa kwa alama zilikuwa mbele kwa 0.14 ya mchepuko wa kawaida (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani), na waliokuwa kundi la chini nao walinufaika. Mwalimu aliyekuwa na watoto wa kiwango kinachokaribiana alifundisha pale walipo badala ya kuwafuata wawili watatu wa mbele.

Wanaounga mkono huishia hapo. Tazama masharti yake: walimu walipangiwa makundi kwa kura, kwa hiyo hakuna mwalimu mkuu aliyempeleka bora wake kundi la juu. Mtaala ulikuwa mmoja. Hakukuwa na mlango uliofungwa. Ondoa masharti hayo umebaki na mkondo wa kawaida tunaoujua, ambapo mkondo wa juu unapata mwalimu mkongwe na maabara, na mkondo wa chini unapata anayeanza kazi.

Ukitaka kupanga kwa stadi bila kuzika mtu:

Pima kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja. Kusoma kuna ngazi tano zinazotumiwa sana na walioanzisha utaratibu huu India: mwanzo (hajui herufi), herufi, neno, aya, hadithi fupi. Mtihani wa karatasi haufai hapa, kwa sababu asiyejua kusoma hawezi kusoma swali.

Changanya madarasa ya tatu hadi ya tano kwa saa moja au mbili kwa siku, mtoto akae na wenzake wa ngazi yake. Muda uliobaki anarudi kwenye darasa lake la umri. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika: kundi ni la saa, darasa ni la mwaka.

Pima upya kila wiki nne hadi sita, uwahamishe papo hapo. Kama baada ya vipimo viwili hakuna aliyehama, umetengeneza mkondo kwa jina lingine.

Kundi la chini lipewe mwalimu anayejua kufundisha kusoma, na liwe dogo. Shule nyingi hufanya kinyume, na ndipo zoezi linapofia. Pa pili linapofia ni kwa mkaguzi anayekuja kuuliza "mmefika ukurasa wa ngapi?" Mwalimu anayepimwa kwa kurasa atawaacha wa herufi na kumaliza kitabu. Ratiba hiyo iwe na kibali cha maandishi kabla ya kuanza.

Dira_Mbele

Chaki, hii ya kutenganisha mambo mawili imenifungua. Bado la fungu. Nasubiri mtu wa bajeti.

Fungu_la_Bajeti

Nipo. Usawa ni kila mwanafunzi kupata kiasi kilekile. Haki ni kila mwanafunzi kupata kinachotosha kumfikisha mahali palepale, na kwa kuwa hawaanzii pamoja, kiasi hakiwezi kuwa kimoja. Kwenye bajeti hili linafanywa kwa uzito: kila mtoto anahesabiwa 1.0, anayetoka kaya duni anaongezewa, tuseme, 0.3, mwenye ulemavu zaidi kulingana na hitaji, na shule ndogo ya mbali inapewa kiasi cha kudumu kwa sababu mwalimu mmoja hagawanyiki hata wanafunzi wakiwa 11.

Shule A ina watoto 400, kati yao 40 wa kaya duni: 400 + 12 = 412. Shule B ina 400, kati yao 280 wa kaya duni: 400 + 84 = 484. B inapata karibu asilimia 17 zaidi. Wote wanapiga makofi.

Sasa funua mshahara. Katika mifumo mingi sehemu kubwa mno ya matumizi ya kawaida ni mishahara, na mishahara haipiti kwenye kanuni ya uzito, inamfuata mwalimu. Mwalimu mwenye uzoefu analipwa zaidi na huhamia penye barabara, maji na nyumba nzuri. Tuseme mishahara ya A ni vipande 100 na ya B ni 80, na ruzuku yenye uzito ni vipande 40 vya kugawana kati ya shule hizo mbili. A inapata 18.4, B inapata 21.6. Jumla: A 118.4, B 101.6. Shule ya watoto maskini imependelewa kwenye kanuni na imepunjwa kwenye jumla, na ripoti itaonyesha kanuni tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji senti moja mpya: andika matumizi halisi kwa kila mwanafunzi kwa kila shule, mishahara ikiwemo. Mara nyingi namba hiyo haipo mahali popote, ipo vipande vipande katika ofisi mbili zisizoonana. Ya pili, nafasi ya kazi iwe mali ya shule, isiwe ya mtu: mwalimu akihama, nafasi ibaki na ijazwe kabla hajaruhusiwa kuondoka. Ya tatu, posho ya mazingira magumu. Posho peke yake hushindwa pale ambapo hakuna nyumba, na ikilipwa kwa wilaya nzima badala ya shule, wote wanajikusanya makao makuu ya wilaya na kuichukua.

Makosa mengine ya kanuni:

Ngazi kali. Ukisema shule yenye asilimia 40 ya kaya duni inapata na yenye 39 haipati, mwaka ujao utashangaa shule ngapi zina 40 kamili. Tumia mteremko, kila mtoto aongeze kidogo.

Idadi ya mwaka jana. Shule zinazokua kwa kasi ndizo za pembezoni mwa miji na za wahamiaji. Zinalipwa kwa watoto ambao walikuwa wachache, zinafundisha waliopo.

Kumtaja mtoto. Mlo wa bure ukitolewa kwa orodha inayosomwa kwa sauti, watoto watashinda njaa kuliko kuitwa. Watoto wa kaya duni wakiwa wengi shuleni, lisha wote. Gharama ya kuchambua na aibu yake huzidi unachookoa.

Ada iliyoondolewa kwa jina. Ukiondoa ada bila kuongeza walimu, umeweka foleni. Malawi ilifuta ada ya msingi 1994, Uganda ikafuata 1997, Kenya 2003. Kenya ilitoka wanafunzi takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 ndani ya mwaka. Watoto waliokuwa wamefungiwa nje waliingia, na hilo si dogo. Lakini madarasa yalijaa, wenye uwezo wakahamia shule binafsi, na mlango wa pembeni ukafunguka: sare, michango, usafiri, masomo ya ziada. Gharama kubwa kuliko zote haina risiti, ni muda wa mtoto anayehitajika kuchota maji au kulea wadogo. Mexico mwaka 1997 ililipa akina mama fedha taslimu kwa sharti la mtoto kuhudhuria, na kiasi cha msichana wa sekondari kilikuwa kikubwa kuliko cha mvulana kwa sababu huko ndiko walikuwa wakidondoka. Malipo yalilenga mlango unaovuja, hayakunyunyizwa kotekote.

Na tahadhari moja kwa wanaopenda kupunguza ukubwa wa madarasa. Jaribio la Tennessee lililoanza 1985 liliwaweka watoto kwa kura kwenye madarasa ya 13 hadi 17 au ya 22 hadi 25. Madogo yalifanya vizuri zaidi, na walionufaika sana ni watoto weusi na wa kaya duni. California ikaiga 1996, jimbo zima kwa wakati mmoja. Zilihitajika maelfu ya ajira mpya ghafla, walimu wazoefu wakavutwa na nafasi zilizofunguka shule nzuri, na shule za maskini zikajazwa walimu wasio na sifa kamili. Sera ile ilikuwa nzuri, lakini ilipita kwenye soko la walimu bila kulitazama. Anza na shule zilizo nyuma, subiri, kisha panua.

Tofali_la_Pembeni

Naongeza kitu kimoja ambacho Mkokotozi hakukigusa. Ngazi ikijaa, inarefuka. Sekondari ikiwa ya wote, wenye uwezo hawaketi. Faida inahamia kwenye sekondari ipi, kisha masomo yapi, kisha chuo gani, kisha mafunzo kazini yasiyolipwa ambayo mwenye wa kumlisha tu ndiye anayeweza kuyafanya. Cheti kinachofanana kwa jina kinafungua milango tofauti. Kwa hiyo jedwali la milango lisiishie kwenye "kuingia sekondari". Liandike ameingia sekondari yenye maabara au isiyo nayo, tahasusi ya sayansi au nyingine. Nimeona majedwali yenye uwiano wa 0.98 ambayo ukiyafungua ndani kuna 0.40.

Na ndipo ninaposema shule ina mpaka. Kama kazi zenye kipato cha staha ni kumi, kuwapa watu mia shahada hakuzifanyi kuwa mia. Kutabadilisha nani anazipata, jambo la haki kabisa, lakini pengo la mishahara kati ya kazi na kazi linarekebishwa kwingine.

Dira_Mbele

Nakubali mpaka upo. Swali la mwisho: kuna mambo ambayo hayana bei, kama namna mtoto anavyotendewa. Nayo yanapimika?

ChakiNyeupe

Yanapimika, na kwa daftari zilezile.

Adhabu: chukua daftari la nidhamu la miaka mitatu, tenganisha makosa yanayoonekana (kuchelewa, kupigana) na makosa ya hisia za mtu mzima ("dharau", "ukaidi"). Kundi moja likijaa kwenye orodha ya pili kuliko ya kwanza, tatizo lipo kwa anayeandika.

Alama: linganisha alama za mwalimu wa darasa na za mtihani uliosahihishwa kwa namba bila jina. Pengo la kundi likiwa kubwa kwenye za mwalimu, anza kusahihisha bila majina kwa mitihani yenye uamuzi. Gharama yake ni kukunja kona ya karatasi.

Lugha: kama lugha ya kufundishia inabadilika katikati ya safari, tazama kama kiwango cha kukaririsha na cha mdondoko kinaruka mwaka huohuo. Mtoto anayeisikia lugha hiyo kwenye televisheni ya nyumbani anavuka. Asiyeisikia popote nje ya darasa anaonekana mjinga wa hesabu, wakati alichoshindwa ni kusoma swali la hesabu.

Uteuzi: programu za "vipaji" zinazotegemea mwalimu au mzazi kupendekeza zinaokota watoto wa wanaojua kupendekeza. Wilaya ya Broward, Florida, mwaka 2005 ilianza kuwapima watoto wote wa darasa la pili badala ya kungoja mapendekezo. Idadi ya watoto wa kaya duni na wa jamii za wachache waliogundulika wanastahili iliongezeka sana. Watoto walikuwepo siku zote.

Mkokotozi

Hilo la Broward ndilo jibu la ule mlango wa 0.57 pia. Usimwombe mtoto aombe. Mfanye awe ameomba. Orodha ya wanaomaliza sekondari ipo kabla hawajamaliza. Jaza fomu kutoka kwenye kumbukumbu za shule, msamaha wa ada uambatane na fomu kwa kila aliyewahi kuwa kwenye orodha ya kaya duni bila kudaiwa barua nyingine, kisha mpe mwanafunzi wiki mbili za kusahihisha machaguo au kukataa. Asiyejibu anabaki ameomba. Kipindi cha kujaza machaguo kiwe cha ratiba, ndani ya saa za shule, na mtu mmoja mwenye jina awe anawajibika kwa idadi ya ambao hawajakamilisha, akiisoma kila Ijumaa.

Litakaloharibika ni hili: shule itajaza machaguo kwa niaba ya watoto ili kumaliza kazi, na wa D wote wataandikiwa kozi ya karibu na ya bei nafuu. Kwa hiyo linganisha machaguo na alama. Mwenye alama za juu aliyechagua chini ya uwezo wake aitwe aulizwe, kabla dirisha halijafungwa.